Taa za Goziba na Utepe wa Mwijage

Utepe ulikuwa mwekundu, wa kitambaa kile cha kung'aa kinachofungiwa zawadi za harusi, na kwa wiki nzima ndio uliotawala Makumbusho ya Kyaruzi. Mwijage, meneja wa makumbusho, aliufunga kwa mikono yake mwenyewe kwenye mlango wa mbele Ijumaa jioni, na tangu hapo hakuna kiumbe aliyeruhusiwa kupita. Kila asubuhi aliupangusa vumbi kwa leso yake. Siku ya kwanza msanii Kokuhirwa alipomwona akiupangusa, alicheka. Kufikia siku ya tano alikuwa hawezi hata kuutazama.

Nyuma ya utepe huo, ndani ya lililokuwa ghala la kahawa la marehemu Kyaruzi hapo Bukoba mjini, kulikuwa na kazi ya Kokuhirwa ya miezi saba. Bango la nje lilisema: Maonyesho ya Sanaa ya Mwanga Unaotembea. Wasanii wengine wawili walileta vitu vyao vizuri, gurudumu la baiskeli lililobandikwa vipande vya kioo na pazia la vifuniko vya soda. Lakini kilichojaza ghala kilikuwa cha Kokuhirwa: taa arobaini na mbili za kuvulia dagaa, kila moja juu ya boya lake, zikining'inia kwenye kenchi kwa kamba. Kamba zilipita kwenye kapi, zikashuka hadi kwenye mota alizozitoa kwenye cherehani mbovu. Mota zikiwashwa, taa zingepanda na kushuka juu ya vichwa vya watu, na mtu aliyesimama chini angeliona ziwa kwa upande ambao dagaa huliona.

Zingepanda, zingeshuka. Hiyo "zinge" ndiyo iliyomkosesha usingizi. Majaribio yote aliyafanya uani kwa chupa za maji, kabla taa hazijafika. Taa zenyewe hakuwahi kuziona zikiwaka zote pamoja, hata yeye aliyezitundika.

Na hazikuwa zake. Alizikopa Goziba, kisiwa cha wilaya ya Muleba ambako huendi ila kwa chombo cha majini, na ambako mtu akikupa taa yake ya dagaa amekupa jembe lake. Aliyemkubalia ni Zahoro, nahodha mwenye ndevu nyeupe, mzaliwa wa Bukoba ambaye babu yake alikuja kutoka pwani akaoa Mhaya na kusahau njia ya kurudi. Zahoro aliwashawishi manahodha wenzake watano, na wote sita, kila mmoja akatoa taa saba za mtumbwi wake. Waliweza kukubali kwa sababu moja tu, nayo ni mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima linang'aa, na dagaa hawana haja ya kufuata taa ya mtu. Siku hizo watu wa Goziba hushona nyavu, hulala, hugombana, na taa hukaa bure kambini.

"Chukua," Zahoro alimwambia. "Lakini mwezi ukianza kuchelewa kutoka, sisi tunarudi majini. Ijumaa ile ya pili, nikitoka kuswali, nakuja kuzichukua. Tumeelewana, binti?"

"Tumeelewana, Mzee Zahoro. Ijumaa, ukitoka kuswali."

"Na kabla hatujaondoka nazo utatuwashia tuone. Miaka yote tunazitazama kwa kuinama. Hatujawahi kuzitazama kwa kuinua shingo."

Kokuhirwa akapanga kila kitu kwa kufuata mwezi. Ufunguzi Jumamosi, mwezi ukiwa umejaa. Siku tano watu waone. Ijumaa taa zirudi. Ratiba hiyo alimpa Mwijage miezi mitatu kabla, kwa maandishi, tena pembeni aliuchora na mwezi wenyewe ili asije akasema hakuelewa. Mwijage aliisoma yote, akasema nzuri sana, akaipiga muhuri. Kisha akamwalika mgeni rasmi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mwezi una ratiba yake na mgeni rasmi ana ratiba yake, na ukitazama vizuri utaona ni mmoja tu kati yao anayeifuata.

Jumamosi turubai lilifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, kwaya ya akina mama wa Kilutheri ikavaa sare. Hafidha, mpishi, akapika pilau na ndizi za ebitoke za watu mia. Mama yake Kokuhirwa, Ma Agnetha, alitoka Kamachumu alfajiri akiwa na gauni lake la Pasaka na kifurushi cha majani makavu ya mgomba. Ndani mlikuwa na akamwani, buni zile za kutafuna ambazo Mhaya humkaribishia mgeni wa heshima kabla hajamwambia neno lolote la maana. Ma Agnetha alizichemsha na kuzikausha mwenyewe kwa ajili ya mgeni rasmi, na mtu yeyote aliyezinyooshea mkono alipigwa kofi la vidole.

Saa nane mchana Mwijage alipokea simu, akasimama wima kama mwanafunzi, akasema ndiyo mheshimiwa mara tisa. Ratiba ya mgeni rasmi imebadilika. Atakuja Jumatatu.

"Basi tuwashe watu waone," Kokuhirwa alisema. "Jumatatu yeye ataona ya kwake."

Mwijage alimtazama kama aliyesikia tusi. "Koku, kitu kikishawaka kimefunguliwa. Sasa yeye akija atafungua nini?"

"Atakata utepe."

"Akate utepe wa kitu kilichokwisha kufunguliwa? Mheshimiwa mzima?"

Mwijage hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililochosha zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika. Alikuwa anapenda makumbusho yale kuliko nyumba yake. Mwaka uliopita alifungua maonyesho ya ngoma za kale bila kiongozi yeyote, akaandikiwa barua ya kurasa mbili ya kuuliza alijiona nani. Barua hiyo bado aliihifadhi kwenye droo. Tangu hapo, mbele ya itifaki, akili yake yote ilikuwa inapiga magoti. Kitabu cha wageni kilinunuliwa kipya, na ukurasa wa kwanza uliachwa mweupe. Kwa usalama zaidi alilifunga sanduku la umeme la ghala kwa kufuli, ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na kitambulisho chake.

Jumatatu ikaja. Turubai, viti, kwaya, pilau, Ma Agnetha na gauni la Pasaka. Saa tisa simu ikalia. Jumatano.

Jumatano Ma Agnetha alikataa kurudi Kamachumu. "Nimeshapanda na kushuka kama ndoo ya kisimani," alimwambia binti yake. "Nalala hapa hapa kwako mpaka huyo mtu aje. Nilikusomesha umeme, Koku. Watu Kamachumu wananiuliza umeme wa mwanangu uko wapi, mimi nasema uko makumbusho. Wanasema makumbusho ni kwa vitu vilivyokufa. Sasa nataka niuone huo umeme wako kwa macho yangu, nikawajibu."

Kokuhirwa alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na kwa miaka kumi alikuwa akijaribu kumweleza mama yake anafanya kazi gani. Maneno yalikuwa yamekwisha zamani. Kilichobaki ni kumwonyesha, na cha kumwonyesha kilikuwa hatua kumi kutoka walipokaa, gizani, nyuma ya kitambaa cha kufungia zawadi.

Simu ikalia saa tisa ile ile. Ijumaa, saa nne kamili asubuhi. Mara hii ni hakika, Mwijage alisema, hata dereva amethibitisha.

"Ijumaa taa zinaondoka, Ta Mwijage."

"Zahoro atasubiri siku moja. Mwombe."

"Siyo Zahoro. Ni mwezi!"

"Basi mwombe Zahoro," Mwijage alisema, na kwa kweli alidhani amejibu.

Kokuhirwa alimpigia Zahoro simu, si kumwomba, bali kwa sababu alihitaji kusikia sauti ya mtu mwenye akili timamu. Zahoro alisikiliza yote. "Mwezi wa Jumamosi unatoka saa sita usiku," alisema. "Kabla ya hapo ziwa ni letu. Mitumbwi sita, binti. Watu wangu wamekaa wiki nzima wanatazamana. Mimi siwezi kuwaambia tunamngoja mheshimiwa." Kisha akauliza swali lililomchoma. "Lakini zinapendeza?"

"Sijui, Mzee Zahoro," alisema. "Sijaziona." Akakata simu akalia kidogo, machozi ya hasira, yale yasiyoleta nafuu.

Ijumaa saa nne hakuja mtu. Saa tano hakuja mtu. Kwaya iliimba wimbo wa mapokezi mara tatu, mara ya tatu ikiimbia barabara tupu, halafu akina mama wakavua viatu na kuanza kusukana nywele. Hafidha alitoka nyuma ya ghala na mwiko mkononi.

"Kokuhirwa, mdogo wangu," alisema, "hili pilau ni la nne. La Jumamosi lililiwa na kwaya, la Jumatatu na la Jumatano yakaliwa na kwaya, na leo naona kwaya wanalitazama sufuria langu kama lao. Mwambie bosi wako mimi ni mpishi, mimi si mchungaji wa kulisha kondoo."

"Mwambie wewe. Mimi nikifungua mdomo nitamtukana."

Saa sita Mwijage alitangaza kwa kipaza sauti kwamba msafara umeshaondoka mahali. Mahali gani hakusema. Saa saba adhana ya Ijumaa ilikuwa imepita na watu walikuwa msikitini. Kokuhirwa alikaa kwenye kiti cha mbele, kile chenye kitambaa cheupe kilichotengwa kwa mgeni rasmi, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Alihesabu dakika. Swala huchukua muda gani? Khutba ikiwa ndefu? Kwa mara ya kwanza maishani mwake, yeye mtoto wa Kilutheri wa Kamachumu, alimwomba Mungu amrefushie shehe khutba yake.

Saa saba na nusu Zahoro aliingia getini na kanzu nyeupe, nyuma yake manahodha watano. Walikuja na makasha matupu na majani ya kupakia taa zisivunjike. Mtumbwi wao ulikuwa umeegeshwa ufukweni, kwenye mwalo wa Nyamkazi, injini imekwishajazwa mafuta. Zahoro aliwasalimia akina mama wa kwaya mmoja mmoja, akamsalimia Ma Agnetha kwa Kihaya akiwa ameinama, kisha akamgeukia Kokuhirwa.

"Tumekuja, binti. Saa tisa na nusu tuwe majini. Zaidi ya hapo upepo unatugeukia."

"Najua."

Mwijage alifika mbio, tai ikiwa imemgeuka mgongoni. "Nahodha, karibu sana, karibu. Tunakuomba masaa mawili tu. Mgeni rasmi yuko njiani."

"Njia gani?" aliuliza Zahoro kwa adabu.

Mwijage akaigeuza tai yake mbele. "Msafara umeondoka," alisema. "Nahodha, hizi taa ni fahari ya mkoa. Ziking'oka kabla hajafika mimi nitamwambia nini? Nibakizie hata siku moja, kesho."

"Kesho dagaa wananingoja. Nao hawana ratiba inayobadilika."

"Lakini mgeni rasmi..."

"Mheshimiwa meneja, mimi sina ugomvi na mgeni wako. Akija mpe salamu zangu. Mimi nachukua taa zangu kama nilivyoahidiwa, ila kwanza nilikuwa nimeahidiwa nizione zikiwaka." Akamtazama Kokuhirwa. Hakumlaumu, na ingekuwa afadhali angemlaumu.

"Huwezi kuingia!" Mwijage alisema, akaenda kusimama mbele ya utepe wake, mikono ameitandaza. "Samahani sana. Utepe huu haukatwi na mtu mwingine. Mkitaka kuzitoa, mngoje aukate. Huo ndio mwisho wangu."

Kokuhirwa alimtazama mtu mzima yule akilinda kitambaa. Aliikumbuka wiki nzima, Jumamosi na Jumatatu na Jumatano, mama yake na gauni lile lile alilokuwa analifua usiku na kulivaa asubuhi likiwa na unyevu. Alitaka kuukata utepe kwa meno. Na pengine angefanya hivyo, isipokuwa nyuma ya ghala Hafidha aligonga sufuria kwa mwiko, kama anavyofanya chakula kikiwa tayari, na Kokuhirwa akakumbuka sufuria zile zinaingilia wapi.

Ghala la kahawa lina milango miwili. Wa mbele ni wa wanunuzi. Wa nyuma, mpana zaidi, ni wa magunia, na sasa ulikuwa wa sufuria. Utepe ulikuwa mmoja, na ufunguo wa mlango wa nyuma alikuwa nao Hafidha, kwenye pindo la kanga yake.

"Ta Mwijage," Kokuhirwa alisema kwa sauti ya upole iliyomshangaza hata yeye. "Utepe wako haukatwi. Nakuapia. Usisogee hapo, uulinde."

Akamshika mama yake mkono. Zahoro aliwatazama wanakoelekea, akaelewa, akawapungia wenzake. Hafidha alifungua mlango bila kuuliza hata swali moja, akaliweka sufuria chini na kuingia wa kwanza. Kwaya nayo ikainuka, mama mmoja, wawili, wengine nywele nusu zimesukwa, wote wakanyata peku kuzunguka ukuta. Viti mia vya plastiki vikabaki vikimtazama Mwijage peke yake.

Ndani mlikuwa giza, ila mwanga hafifu wa mlango wa nyuma, maana Kokuhirwa mwenyewe ndiye aliyeziba madirisha kwa vitambaa vyeusi, watu wasichungulie. Kokuhirwa alisimama katikati ya giza hilo akakumbuka jambo ambalo hasira ilikuwa imemsahaulisha. Sanduku la umeme lilikuwa na kufuli. Taa zina betri zake, zingewaka. Lakini mota zisingezunguka, na bila mota taa zingening'inia tu kama za dukani.

"Mzee Zahoro," alisema. "Umeme amefunga. Hazitatembea. Zilikuwa zitembee, hiyo ndiyo kazi yenyewe, miezi saba yote nilikuwa nazifundisha kutembea."

"Mwanga unao?"

"Mwanga ninao."

"Kamba zipo?"

"Zipo."

"Sasa mbona unatusumbua?" Zahoro alisema. Akakunja mikono ya kanzu. "Riyadhi, shika hizo za njano, ni zako. Kila mtu ashike za mtumbwi wake. Mfungue hizo kamba kwenye vyerehani."

Walizifungua kwa vidole vya watu waliofungua mafundo gizani maisha yao yote. Kokuhirwa alipita akiwasha taa moja moja, vioo vyake vikiwa vimepakwa rangi ya kutambulisha mtumbwi, nyekundu za Zahoro, njano za Riyadhi, buluu, kijani, nyeupe, na za mwisho zisizo na rangi kwa sababu mwenyewe alisema rangi ni ya watu wanaopotea. Kisha Zahoro akasema neno moja, lile wanalolisema wakianza kuvuta wavu, na manahodha wakavuta.

Taa zilipanda. Hazikupanda pamoja. Kila mtu alivuta kwa mkono wake na kwa mazoea yake, Zahoro taratibu, yule wa buluu kwa kushtuka, Riyadhi akichelewa kila mara kwa nusu pumzi, na wimbi likaanzia kona moja ya ghala, likapita juu ya vichwa vya watu, likafika ukutani na kurudi dhaifu. Vivuli vya maboya vilitembea sakafuni, vikapanda kwenye miguu ya watu. Mama mmoja wa kwaya alirudi nyuma kama anayeogopa kulowa.

Kokuhirwa alijua mara moja. Mota zake zilikuwa zinapandisha chupa zote sawasawa, kwa kipimo, na kwa miezi saba alikuwa akijivunia usawa huo. Ziwa halina usawa huo hata siku moja. Alikasirika, akajicheka, akakasirika tena, na wakati huo wote machozi yalikuwa yanamshuka bila kumwomba ruhusa.

"Hivi ndivyo," alisema Zahoro kutoka kwenye kamba zake, shingo ameinua. "Wallahi hivi ndivyo. Kumbe hao dagaa wanaona mambo!" Na manahodha wakacheka, kicheko cha watu wazima walioshikwa na furaha bila kujiandaa.

Ma Agnetha hakucheka. Alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kama anavyoketi nyumbani kwake, uso ameuelekeza juu. Mwanga wa njano ulipita usoni mwake, ukaondoka, ukaja wa buluu. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akamvuta binti yake kwa pindo la suruali.

"Huu ndio umeme wako?"

"Ndio huu, Maawe."

"Mbona hukuniambia?" Ma Agnetha alisema, kwa ukali kabisa. Akafungua kifurushi cha majani ya mgomba. Akainuka kwa shida, akamwendea Zahoro, akainama na kumnyooshea kwa mikono miwili. "Waitu, karibu," alisema, kwa neno la heshima la Kihaya.

Zahoro alifunga kamba zake kwenye nguzo kwanza, ndipo akapokea kwa mikono miwili. Alizitafuna buni akiwa amefumba macho. Kifurushi kikapita kwa manahodha wote, kwa Hafidha, kwa kwaya, mpaka yakabaki majani matupu.

Saa tisa taa zilikuwa zimeteremshwa, zimepakiwa, zimebebwa kichwani kuelekea Nyamkazi. Saa tisa na nusu mtumbwi uliondoka, na Kokuhirwa hakuwa na deni na mtu. Alizifunga kamba tupu kwenye mota zake kama zilivyokuwa, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Saa kumi na moja jioni magari matatu yaliingia.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene, mpole, aliyechoka. Aliomba radhi kwa kuchelewa, jambo ambalo lilimkera Kokuhirwa kwa kuwa alikuwa ameshajiandaa kumchukia. Kwaya iliimba. Ma Agnetha alimsalimia vizuri, mikono mitupu. Mkasi uliletwa kwenye sinia, utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi. Mwijage, jasho likimtoka, alifungua sanduku la umeme na kumwelekeza mheshimiwa kwenye kitufe. Mheshimiwa akabonyeza.

Mota zikanguruma. Kamba arobaini na mbili tupu zikapanda pamoja, zikashuka pamoja, zikapanda pamoja. Watu wa msafara wakapiga makofi kwa kuwa ndivyo inavyofanyika kitufe kikibonyezwa. Mgeni rasmi alitazama juu kwa muda, akatazama bango, akatazama juu tena. Kisha akamwinamia Kokuhirwa.

"Binti," alinong'ona, "taa ziko wapi?"

Mwijage alifumba macho.

"Zimekwenda kazini, mheshimiwa," Kokuhirwa alisema.

Mgeni rasmi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo zito. Katika hotuba yake aliwahimiza vijana waige mfano wa taa hizo, akatazama saa na kuondoka. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha wageni, ule uliohifadhiwa mweupe wiki nzima, aliandika kwa mwandiko mzuri: Nimefurahi sana. Iko haja ya kuongeza mwanga.

Kokuhirwa aliyasoma maneno hayo mara mbili, akacheka mpaka akashika ukuta. Hafidha alikuwa anagawa pilau. Mwijage alikaa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, vipande vya utepe mkononi.

"Zile za njano," alisema bila kumtazama. "Zilikuwa zinachelewa kila mara. Ilikuwa makusudi?"

Kokuhirwa aliacha kucheka. "Ulijuaje kwamba zilichelewa?"

"Tundu la ufunguo." Akaukunja utepe mara nne. "Ningeweza kuondoka pale mlangoni, Koku. Nani angeuiba huu? Nilichungulia kwa jicho moja, nikasema kidogo tu, kisha nikashindwa kuliondoa." Alipangusa jicho hilo hilo kwa leso yake ya kupangusia utepe. "Nimekuchosha. Najua nimekuchosha."

"Umenichosha sana, Ta Mwijage."

"Wakikubali kuzileta tena, mwezi mwingine unajaa lini?"

Alimtajia tarehe. Mwijage akatoa daftari lake la ratiba, akaandika tarehe, akaandika Ufunguzi, na chini yake, kwa mazoea yasiyotibika, akaandika Mgeni Rasmi na nukta mbili. Kokuhirwa alinyoosha mkono kumpokonya kalamu, lakini mama yake alimtangulia. Ma Agnetha alisimama juu ya daftari na sahani yake ya pilau.

"Andika Zahoro," alisema.

Mwijage alimtazama. "Zahoro yule mvuvi?"

"Mgeni ni yule niliyempa akamwani. Andika."

Mwijage alifikiri. Kalamu ilisimama juu ya karatasi, na Kokuhirwa aliiona ile barua ya kurasa mbili ikipita usoni mwake, mwanzo hadi mwisho.

"Nafasi hii inahitaji cheo," alisema kwa unyonge.

"Nahodha," Kokuhirwa alisema. "Andika Nahodha Zahoro, wa Goziba."

Mwijage akaandika, kwa herufi kubwa, akapigia mstari. Kisha akauliza kama nahodha huwa anapenda utepe wa rangi gani.